Kuchombezana kwa meseji: pale Kiswahili kinapokubeba na pale kinapokuangusha

Mwongozo huu ni wa watu wazima wawili wanaojuana kidogo. Mmekutana harusini, mmekaa meza moja kwenye semina, au mnapanda daladala moja kila asubuhi na hatimaye mmepeana namba. Mmoja anavutiwa na mwenzake na anataka ajulikane hivyo, lakini hana uhakika. Ana kwa ana angesaidiwa na macho, kicheko na namna ya kukaa kitini. Kwenye meseji hayo hayapo, na kazi yote inabebwa na viambishi, vijineno vya mazungumzo, tahajia na muda wa kujibu.

Kipimo kimoja kinatosha kupimia meseji yoyote kabla hujaituma: je, anayeipokea anaweza kukwepa bila kuaibika na bila kukuaibisha? Kama hawezi, hujachombeza, umemdai jibu. Kiswahili kina njia nyingi sana za kusema jambo huku ukimwachia mtu nafasi ya kupita pembeni, na nyingi zimo ndani ya kitenzi.

Salamu ya kwanza

"Mambo" hujibiwa "poa", na mazungumzo hufia hapo. "Niaje" ya Nairobi hali kadhalika. Si kwamba salamu hizo ni mbaya, ila zina jibu lake tayari, na mtu akishalitoa amemaliza wajibu wake. Meseji ya kwanza iwe na vitu vitatu: salamu, kitu mlichokiona pamoja, na swali moja jepesi. Sentensi mbili zinatosha, tatu ni mwisho.

"Habari za tangu Jumamosi? Ule wimbo wa mwisho bado unanizunguka kichwani, hivi unaitwaje?"

Swali linajibika kwa neno moja kama mtu hana hamu, na linaweza kuzaa meseji kumi kama anayo. Usiulize maswali matatu kwa mpigo. Atajibu moja, na wewe utabaki kujiuliza kwa nini mawili ameyaruka.

Angalia sana anakuitaje. Ukisalimiwa "shikamoo" na mtu ambaye hamjaachana miaka mingi, umewekwa upande wa wakubwa. Kuna wanaoituma kwa utani, na mara nyingi utaijua kwa kicheko kinachofuata. Ikija peke yake, imenyooka, usibishane nayo kwa "usinizeeshe bwana". Itikia "marahaba", endelea na salamu za kawaida, na ichukulie kuwa ni taarifa. Vivyo hivyo "kaka yangu", "dada yangu", "anko", "bosi". Ni uzio uliojengwa kwa adabu. Pwani "binamu" ni habari nyingine, kwa kuwa kuna familia ambamo mabinamu huoana, kwa hiyo haifungi njia kama "kaka" inavyofunga.

Neno la ukoo linaloweza kufanya kazi ya upelelezi ni "shemeji". "Msalimie shemeji" ni njia ya zamani ya kuuliza kama mtu ana mwenzake bila kuuliza. Majibu yake husomwa hivi. "Shemeji gani tena?" ni ruhusa ya kuendelea kuongea, na "hajambo, anakusalimia" ni kwamba yupo. "Mh" bila kitu kingine ina maana amekushtukia na bado hajaamua. "Asante" inakwepa swali, na aliyekwepa mara moja hataki kuulizwa mara ya pili. Itumie mara moja tu. Ukiirudia wiki ijayo unaonekana unahesabu siku.

Ndani ya kitenzi

Hapa ndipo penye mali, na ndipo wengi hawapaangalii kwa sababu wanahangaika kutafuta maneno matamu.

Anza na mnyambuliko wa kutendeka, ule wa -ik- na -ek-. "Nakupenda" ina mtendaji na mtendwa: mimi hapa, wewe pale, sasa jibu. "Unapendeka" haina mtendaji. Imesemwa sifa yako, aliyeiona hakutajwa. Anayeipokea anaweza kucheka, kushukuru, au kuuliza "na nani?", na akiuliza hivyo amefungua mwenyewe. Ndugu zake ni "unazoeleka haraka", "unasikilizika", "unakumbukika". Kwa kuchokoza, "umechelewa kujibu, ila unasameheka" inafanya kazi mbili: inaonyesha ulikuwa unasubiri, na inaondoa lawama papo hapo. Epuka "unatamanika" mpaka mmefika mbali. Kwa sarufi ni ileile, lakini inaongelea mwili, na mtu aliyeisoma haraka anahisi amepimwa kama nyama buchani.

Kutendana, yaani -an-, hugawa uzito nusu kwa nusu. Linganisha "nataka kukuona" na "tuonane". Ya kwanza ni haja yako ambayo mwenzako anaombwa aitimize. Ya pili ni jambo la wawili, na akikataa anakataa mpango, hakukatai wewe. "Tutafutane wikiendi" ni laini kuliko zote: haina siku, haina saa, haina mahali, na inaweza kupita bila kutekelezwa na bila mtu kuvunjika. Lakini ukiituma mara tatu bila kuweka siku, umeshasema hutaki kuonana. Itumie mara moja, akiipokea vizuri, meseji inayofuata itaje siku.

Kutendea, yaani -i- na -e-, ndiyo yenye joto kuliko zote, kwa sababu inaingiza mtu ndani ya tendo ambalo lingeweza kufanyika bila yeye. "Omba" ni amri ya kanisani. "Niombee, kesho nina usaili" ni kumpa mtu nafasi moyoni mwako. "Nichagulie, shati la bluu au jeupe?" inafanya kazi vizuri sana, hasa ikiambatana na picha ya mashati yenyewe yakiwa kitandani, si ya kifua chako. Ombi liwe dogo, lisilogharimu pesa wala zaidi ya dakika moja. Kisha rudisha matokeo: "Nimevaa la bluu, umesifiwa wewe." Kupeleka ombi na kusahau kurudisha matokeo kunalifanya lionekane kisingizio, na ndivyo lilivyokuwa. Kuna pia "nakupendea", ambayo hutaja sababu: "nakupendea hicho kicheko chako." Ni nyepesi kuliko "nakupenda" kwa sababu kilichopendwa ni kicheko.

Nyakati nazo zina ngazi zake. Pima hizi tatu:

"Nimekukumbuka": kuna kitu kimetokea sasa hivi kikakuleta akilini. Ni nyepesi, na hupendeza ukikitaja kitu chenyewe: "Nimepita pale kwenye mihogo, nimekukumbuka."

"Nakukumbuka": hali inaendelea. Ni nzito kidogo, na kwa wasiozoeana inaleta swali la "tangu lini?"

"Huwa nakukumbuka": ni mazoea. Hii ni nzito kuliko zote tatu, na ikitumwa wiki ya kwanza inatisha. Andika "huwa", usiandike "hua". Hua ni ndege.

Katika kusifu mavazi, "umependeza" ni ya leo, na ndiyo salama. "Leo umependeza" humpa mwenzako nafasi ya kukuchokoza: "kwa hiyo siku nyingine?" Usiogope hilo, ni mlango mzuri, ila uwe na jibu tayari: "Siku nyingine unapendeza, leo umezidisha." "Ulipendeza" bila kutaja siku inasikika kama vile uzuri umekwisha, kwa hiyo weka siku: "Jumapili ulipendeza sana, sikupata nafasi ya kukwambia."

Kwa maombi, tumia dhamiri tegemezi ikiwa na alama ya kuuliza: "Nikupigie?" Hiyo ni tofauti kabisa na "nakupigia", ambayo ni taarifa kwamba simu inakuja atake asitake. "Nilitaka kukuuliza kitu" ni laini kuliko "nataka kukuuliza kitu", ingawa haja ni ya sasa. Wakati uliopita unairudisha haja nyuma hatua moja. Lakini usiitume peke yake ukamwacha mtu ananing'inia. Meseji ya "nina kitu nataka kukwambia" isiyofuatiwa na kitu kwa saa tatu huharibu siku ya mtu. Andika utangulizi na swali katika meseji hiyohiyo.

-nge- ni tamu na ni ya hatari. "Ningekuwa karibu ningekuletea chai" inabembeleza bila kuahidi. Zikifika mbili au tatu kwa siku, mtu anaanza kuona kwamba kila wema wako una sharti ambalo halitatimia. Na pande zote mbili zifanane: "ningekuwa… ningekuletea". Ukiandika "ningekuwa karibu nitakuletea" umechanganya ndoto na ahadi, na msomaji makini anacheka mahali ambapo hukukusudia.

Mwisho, kiambishi kidogo -ku-. Kukidondosha kunageuza maana yote. "Nimeota" ni usingizi wako mwenyewe, "nimekuota" ni yeye. "Nimekosa" ni kukiri kosa, "nimekukosa" kwa wengi ni kwamba ulipiga au ulikwenda ukamkuta hayupo. Kwa hamu ya mtu watu husema "nimekukumbuka", "nina hamu na wewe", au wanachanganya lugha na kuandika "nimekumiss". Yote matatu yanaeleweka, ila la kati lina joto zaidi, na si la wiki ya kwanza.

Udogo: ka- na ki-

Bara na Nairobi ka- hubembeleza: "kasauti kako", "kameseji", "kausingizi". Kanuni ni moja: weka udogo kwenye kitu, usiuweke kwa mtu. "Kasauti kako kananituliza" inapendeza, "kadada" au "kajamaa" hudunisha hata kama hukukusudia. Kwa Mombasa, Lamu na Unguja punguza ka- kabisa. Masikio ya huko yamezoea ki- kwa udogo, na ki- nayo kwa mtu inaweza kuwa dharau, isipokuwa maneno yaliyokwisha kuzoeleka kama "kipenzi" na "kimwana". Ji- ya ukubwa usiiguse. "Jisauti" ni matusi.

Vijineno

"Eti" ni ya kuchokoza. Inarudia maneno ya mwenzako na kuyatilia shaka kwa kicheko: "Eti hujui kupika, na ile picha ya pilau?" Bila kicheko au alama ya uso inasomeka kama kumwita mtu mwongo. "Mbona" ni lawama, na lawama ndogo ni sehemu ya mahaba: "mbona kimya hivyo?" mara moja kwa siku mbili ni uangalizi. "Mbona hujibu" baada ya dakika ishirini ni ukaguzi. "Jamani" hulegeza ombi na kuonyesha kuguswa. "Jamani wewe" ikiwa jibu la sifa ina maana ya haya, na mara nyingi ni dalili njema. "Si" ya mwanzo wa swali, kama "si ulisema unapenda bahari?", inaonyesha kwamba ulisikiliza na umekumbuka. Hakuna kijineno chenye thamani zaidi ya hicho, kwa sababu hakidanganyiki. Lazima uwe umesikiliza kweli.

"Basi" na "haya" ni za kufunga. "Haya basi" imefunga mara mbili. Ukiiona, aga.

Majina ya mapenzi

Kuna ngazi, na kuiruka ndilo kosa linaloonekana haraka kuliko yote. Huanza kwa jina kamili, halafu jina fupi analotumia mwenyewe, halafu jina la utani lililozaliwa ndani ya mazungumzo yenu wawili, na ndipo yafuate "mrembo", "mpenzi", "kipenzi", "laazizi", "mahabuba", "habibi". Jina lililozaliwa kati yenu lina nguvu kuliko yote yaliyomo dukani. Mtu aliyekupotezea njia akiwa anakuelekeza kwao anaweza kuitwa "ramani" mwezi mzima, na jina hilo halijawahi kutumwa kwa mtu mwingine. "Mrembo" na "dia" zimetumika mno, wengine huzituma kwa namba kumi usiku mmoja, na wanaozipokea wanajua.

"Wangu" ni hatua peke yake. Baina ya "kipenzi" na "kipenzi changu" kuna umbali mkubwa kuliko unavyodhani. Usimilikishe mtu ambaye hajajimilikisha mwenyewe. Subiri aandike "wako" mwishoni mwa meseji, au akuite kitu chochote kikiwa na "wangu", ndipo ujibu kwa kipimo hichohicho.

Kiingereza katikati ya Kiswahili ni kinga. Watu wengi wa Dar es Salaam na Nairobi watatuma "miss you" au "nakumiss" wiki kadhaa kabla ya kuthubutu kuandika "nina hamu na wewe", kwa kuwa lugha ya kigeni huwapa nafasi ya kusema ilikuwa mzaha. Kwa hiyo, mtu aliyezoea kukuandikia kwa kuchanganya akigeuka ghafla na kuandika sentensi nzima ya Kiswahili safi, isome polepole. Amevua kinga. Usijibu kwa "aww" na picha ya moyo. Mjibu kwa sentensi nzima, Kiswahili kwa Kiswahili.

Kwa anayependa mashairi, beti fupi bado hufanya kazi, ila mizani itimie. Ya mishororo miwili, mizani minane kila kipande, inatosha:

Simu yangu haizimi, nangoja yako salamu,
Neno li kwenye ulimi, nasubiri yako zamu.

Tunga yako. Iliyonakiliwa mtandaoni hujulikana, na mtu akiitafuta akaikuta sehemu nyingine umemaliza imani yake kwa siku moja.

Tahajia, nukta na urefu

Irabu za mwisho zikivutwa huleta sauti ya kubembeleza: "asanteee", "jamaniii", "sawaaa". Herufi tatu au nne zinatosha, kumi ni kelele. Kuvuta katikati, kama "saaana", ni kutia mkazo, hakubembelezi. Nukta baada ya neno moja ni baridi: "Sawa." si sawa na "sawa". Mtu aliyekuwa anaandika bila nukta akianza kuziweka, kuna jambo. Muulize kwa upole mara moja.

Mtindo wa kuandika "xaxa", "cjui" na "2onane" ulitokana na enzi za kubana herufi, na siku hizi kwa wengi waliopita ujana husomeka kama utoto. Andika maneno kamili. Hakuna sifa nyepesi kupatikana kuliko hiyo. L na r nazo ziangalie, "usiku wa lala salama" ni utani mzuri, lakini "rara sarama" itasambazwa kwenye kundi la marafiki zake. Na kama kibodi ya simu imewekwa Kiingereza, zima usahihishaji wa moja kwa moja au ongeza kibodi ya Kiswahili. La sivyo maneno yako yatageuzwa majina ya watu usiowajua, na kueleza jina la mwanamke mwingine lililotokea katikati ya "usiku mwema" ni kazi ngumu.

Bado kuna wanaotumia SMS za kawaida, kwa sababu ya simu ndogo au bando kuisha. SMS moja hubeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Ukiweka hata emoji moja, kikomo kinashuka hadi 70, kwa sababu ujumbe mzima hubadilishiwa mfumo wa herufi. Beti ile ya juu ina herufi 80 na kitu, kwa hiyo inaingia katika SMS moja, na ukiiongezea ua moja tu inakuwa mbili. Kuna kitu kingine wengi hawakijui: alama ya ng' ikiandikwa kwa kistari kilichopinda, ambacho baadhi ya simu hukiweka zenyewe, mara nyingi huleta matokeo hayohayo. Ujumbe uliogawanyika unaweza kufika vipande vipande kwenye simu za zamani, na kipande cha pili kikitangulia maana hupotea.

WhatsApp hukuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, na huandika kwamba umehaririwa. Rekebisha tahajia, usibadilishe maana. Kufuta nako huacha alama kwamba kulikuwa na kitu, na alama hiyo huzua maswali kuliko kosa lenyewe. Kosa dogo liache, andika chini yake neno sahihi, endelea.

Ujumbe wa sauti usizidi sekunde 40 mpaka mzoeane. Kabla ya kurekodi jiulize kama yupo mahali anapoweza kusikiliza: ofisini, ndani ya daladala na mbele ya wazazi, maandishi yanamfaa zaidi.

Utani

Utani ni uwanja ambao tayari una ruhusa yake. Mashabiki wa Simba na Yanga ni watani wa jadi, na Kenya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards huitwa ya mashemeji, kwa hiyo siku ya mechi hata watu wasiozoeana wana sababu ya kutumiana meseji. Makabila nayo yana watani wao, kama Wachaga na Wapare. Mtu akikutumia "mtani wangu", amekupa kibali cha kumchokoza.

Dau ni zuri kuliko kejeli: "Mkifungwa, chai ni juu yako. Tukifungwa, ni juu yangu." Matokeo yoyote yanawakutanisha, na ndiyo maana dau la chai limeanzisha mengi. Chokoza klabu, chokoza upishi wako mwenyewe, chokoza kuchelewa. Usiguse mwili, rangi, uzazi, umri, wala mali ya kwao. Utani ulio hai hurudi, yaani ukichokoza unachokozwa. Ukituma wa pili na majibu bado ni ya kawaida, mwenzako hachezi. Acha.

Kusoma majibu, na kupanga kuonana

Dalili yenye maana kuliko zote ni swali linalorudi. "Safi" ni jibu, "safi, za kwako?" ni mazungumzo. Angalia meseji zake kumi za mwisho: kama hakuna hata moja aliyoianzisha yeye na hakuna swali lake, wewe ndiye unayesukuma peke yako. Muda wa kujibu hauna maana sana bila kujua kazi ya mtu. Muuguzi wa zamu ya usiku atakujibu saa tisa alasiri na hajakukaushia. Tiki za bluu nazo zisikuumize kichwa, zinaweza kuzimwa kwenye mipangilio, na kuna watu husoma barabarani wakajibu wakifika.

"Umelala?" ikitumwa baada ya saa nne usiku na mtu asiyezoeleka husomeka kama mwaliko wa kitandani. Kama nia si hiyo, tuma asubuhi "umeamkaje?", na utaona tofauti ya majibu.

Mkifika kwenye kupanga, andika sehemu ya siku. "Saa 10" kwa mmoja ni alasiri na kwa mwenzake, aliyezoea saa za kompyuta ofisini, ni asubuhi. Andika "saa 10 jioni, Jumamosi", taja mahali penye watu, na taja muda utakaoishia: "nina saa moja tu kabla ya kwenda kwa shangazi." Mwisho unaojulikana humpa mtu ujasiri wa kuja.

Hapana za Kiswahili mara nyingi hazina neno hapana. "Tutaona", "nitakwambia", "Mungu akipenda", "wiki hii nimebanwa kidogo" bila kupendekeza wiki nyingine: moja inaweza kuwa kweli ilivyo, mbili mfululizo ni hapana. Jibu kwa meseji moja ya kuachia: "Hakuna shida kabisa, ukipata nafasi nijulishe." Hiyo -ki- imemwachia yeye. Baada yake usianzishe tena. Kupitia kwa rafiki yake, kuweka kijembe kwenye status ili akione, au kutuma "haya, nimekuelewa" yenye nukta, yote matatu ni kumwadhibu mtu kwa kukataa.

Pesa, picha na sheria

Mzaha wa "tuma na ya kutolea" ni wa kawaida na watu waliozoeana huucheka. Ombi la kweli la pesa kutoka kwa mtu ambaye hujawahi kusikia sauti yake ni jambo jingine. Piga simu ya video kwanza. Akiwa na sababu ya kutopokea kila mara, usitume, hata iwe nauli.

Picha za faragha usiziombe kwa kuzungukazunguka, na usitume bila kuombwa. Ujumbe wa kuonekana mara moja hauzuii simu ya pili kupiga picha kioo cha ya kwanza. Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inafanya kusambaza picha za faragha za mtu kuwa kosa. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha au kumsumbua. Aliyeambiwa "usinitumie tena" na akaendelea yupo ndani ya maneno hayo, hata kama kila meseji yake imeanza na "kipenzi".

Wewe unayepokea usumbufu wa namna hiyo, usifute. Andika mara moja, bila "jamani" na bila kuomba samahani: "Sitaki unitumie tena ujumbe." Piga picha za kioo zenye namba, tarehe na saa, zitunze mahali pengine nje ya simu, kisha zuia namba. Ikija namba nyingine ya mtu yuleyule, picha hizo ndizo utakazokwenda nazo polisi.